Mwalimu anayetaka kupangisha nyumba aanze kwa kumhesabu mpangaji

Ni nadra siku hizi kuingia katika chumba cha walimu, iwe ni shule ya msingi kule Mumias au shule ya upili kule Voi, usisikie mazungumzo kuhusu ploti. Huyu amenunua thumuni ya ekari nje kidogo ya mji, yule amekwisha kuchimba msingi, na wa tatu anauliza bei ya mawe na saruji. Hata mwalimu aliyeajiriwa mwaka jana, ambaye angali analipa kodi ya chumba kimoja, huota siku atakapokuwa yeye ndiye wa kulipwa.

Ndoto hiyo si ya upuuzi. Mwalimu wa umma hustaafu akiwa na umri wa miaka 60, na kila mmoja amewaona wazee waliomtangulia wakihangaika kati ya afisi moja na nyingine wakifuatilia malipo yao ya uzeeni. Fauka ya hayo, hati ya mshahara imezidi kunyofolewa. Ada ya nyumba ya asilimia 1.5 iliwekewa sheria mpya Machi 2024, na mchango wa bima ya afya ya jamii wa asilimia 2.75 ulianza kukatwa Oktoba mwaka huo huo. Mtu akiona mshahara wake unapungua kabla haujamfikia mkononi, hana budi kutafuta chemchemi nyingine.

Aidha, haja ya nyumba ipo. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba mijini zaidi ya familia saba kati ya kila kumi huishi katika nyumba za kupanga. Kwa upande mwingine, mikopo ya rehani katika benki zote za nchi hii ilikuwa takriban 30,000 tu mwishoni mwa mwaka wa 2023. Maana yake ni kwamba nyumba nyingi tunamolala mijini hazikujengwa na Serikali wala makampuni makubwa. Zilijengwa na watu wa kawaida: mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa sokoni, askari aliyestaafu. Walizijenga kwa akiba zao na kwa mikopo ya vyama vya akiba na mikopo, yaani Sacco.

Basi mwalimu anayetaka kujenga hafanyi kioja. Anafuata njia iliyokanyagwa na wengi. Ila njia hiyo ina mashimo, na wengi wanaotumbukia humo hutumbukia kwa sababu moja. Huanza hesabu yao kutoka upande usiofaa. Huanza na ploti, kisha huenda kwenye vyumba, kisha huzidisha idadi ya vyumba kwa kodi ya mwezi, na jawabu wanalolipata huliita mapato. Mpangaji, yule binadamu atakayeitoa hiyo kodi mfukoni mwake, hukumbukwa mwisho, kama kwamba ataota mwenyewe mlangoni mara tu rangi itakapokauka.

Rai yangu katika makala haya ni kwamba hesabu hiyo igeuzwe. Jengo halizai kodi. Kodi huzaliwa na mpangaji mwenye kazi, mwenye sababu ya kuishi mahali hapo na mwenye sababu ya kutohama. Yeyote anayetaka kuanza biashara hii na aanze kwa kumhesabu mpangaji, kisha ndipo arudi nyuma hadi kwenye jengo, mkopo na ardhi.

Kwa kuwa ninaandikia walimu na wanafunzi, tulifanye jambo hili zoezi la darasani. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake kulingana na mji wake. Tuseme mwalimu amenunua ploti kwa Sh1,200,000. Amejenga vyumba kumi, kila kimoja kwa Sh300,000, jumla Sh3,000,000. Ramani, vibali, maji, stima na shimo la maji taka vimemla Sh300,000 zaidi. Kwa hivyo ametumia Sh4,500,000. Kila chumba anakipangisha kwa Sh5,000 kwa mwezi. Vyumba kumi ni Sh50,000 kwa mwezi, au Sh600,000 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 13 na ushei ya mtaji wake, na hapo ndipo wengi hufunga daftari na kwenda kumwita fundi.

Lakini daftari bado halijafungika. Hakuna ploti inayojaa mwaka mzima. Mpangaji mmoja huhama, mwingine huchelewa, wa tatu hutoroka usiku. Tukadirie kwamba hasara ya hayo yote ni sawa na kodi ya mwezi mmoja kwa mwaka. Mapato yanashuka hadi Sh550,000. Ushuru wa kodi za nyumba, ambao nitaueleza baadaye, ni asilimia 7.5, yaani Sh41,250. Mwangalizi wa ploti akilipwa Sh5,000 kwa mwezi ni Sh60,000. Bomba hupasuka, kitasa huvunjika, kuta huhitaji rangi. Tutenge sehemu moja kwa kumi ya mapato, Sh55,000. Taa za uani na za lango, uzoaji taka, gari la kunyonya maji taka na ada ya ardhi ya kaunti, tuseme Sh4,000 kwa mwezi, vinaongeza Sh48,000. Jumla ya matumizi ni Sh204,250. Kinachobaki ni Sh345,750. Asilimia 13 imekuwa asilimia 7.7 hivi, na mwalimu hajalipa hata senti ya mkopo.

Sasa tuuingize mkopo. Tuseme amekopa Sh3,000,000 kutoka kwa Sacco kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwenye salio linalopungua, alipe kwa miaka sita. Atatakiwa kulipa Sh58,650 hivi kila mwezi. Ploti yake, baada ya gharama zote, inamletea Sh28,800 hivi kwa mwezi. Karibu Sh30,000 zinazosalia zitatoka wapi? Zitatoka katika mshahara wake, kila mwezi, kwa miezi 72. Yule aliyemwambia kwamba nyumba itajilipa yenyewe alimficha nusu ya hesabu.

Sisemi kwamba mwalimu huyo amepotea. Baada ya miaka sita atakuwa na jengo lisilo na deni, na huenda kodi itakuwa imepanda. Ninalosema ni kwamba katika miaka hiyo sita anayejenga si nyumba, bali ni mshahara. Anayelijua jambo hilo mapema hujipanga. Asiyelijua hushtuka mwezi wa tatu, akaanza kukopa hapa ili alipe pale, na deni la simu likawa la kuzimia deni la Sacco. Hapo maji huwa yamezidi unga.

Sheria yenyewe imejaribu kumlinda. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inakataza makato yote ya mshahara kupita theluthi mbili, ili mfanyakazi abaki na angalau theluthi moja ya kuishi. Walimu wanaifahamu kanuni hiyo kwa jina la theluthi, na wengi huiona kama kizuizi. Ingefaa waione kama ukingo wa daraja. Anayeuruka ukingo huo kwa kwenda kwa wakopeshaji wa pembeni, wanaoshika kadi yake ya benki na nambari yake ya siri, hajaongeza uwezo wake wa kulipa. Ameongeza tu idadi ya watu wanaomdai.

Kuna jambo jingine linalosahaulika katika mikopo ya Sacco, nalo ndilo zito zaidi. Mkopo huo hauna rehani ya nyumba pekee. Aghalabu una wadhamini. Wadhamini hao ni akina nani? Ni mwalimu wa dawati la pili, naibu wa mkuu wa shule na yule mliyesoma naye chuoni. Mkopaji akishindwa, Sacco hugeukia akiba na mishahara ya wadhamini. Kwa hivyo ploti isiyopata wapangaji kule mjini yaweza kumnyima karo mtoto wa mtu ambaye hakuwahi hata kuiona ploti hiyo. Urafiki wa miaka 20 huvunjwa na chumba kimoja kilichokaa kitupu. Anayeomba udhamini na awaonyeshe wenzake hesabu nzima, yenye ushuru, matengenezo na miezi mitupu. Anayeombwa naye asione haya kuiuliza.

Turudi kwa mpangaji. Ni nani atakayeishi katika vyumba vile kumi? Anayejenga karibu na chuo kikuu, mathalani Juja, Njoro, Maseno au Kilifi, atajibu bila kusita kwamba ni wanafunzi. Jawabu hilo lina ukweli mwingi, kwa kuwa mabweni ya vyuo hayatoshi tangu zamani. Hata hivyo, mwanafunzi ni mpangaji mwenye kalenda yake. Huondoka muhula unapoisha, na likizo ndefu huacha vyumba vikiwa na buibui. Wengi wao huutegemea mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, na mkopo huo ukichelewa kodi nayo huchelewa. Si ukaidi, ni kwamba mtu hawezi kutoa asicho nacho.

Machi 2020, Serikali ilipozifunga shule na vyuo kwa sababu ya maradhi ya Korona, miji iliyozunguka vyuo ilihamwa kwa muda wa siku chache. Wanafunzi walikwenda makwao wakiacha magodoro na sufuria vyumbani. Shule nyingi hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Kwa mwenye ploti asiye na deni, ulikuwa mwaka mbaya. Kwa mwenye ploti anayedaiwa, ulikuwa mwaka wa kupigiwa simu na benki. Tena, kuanzia katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba 2025, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma walikuwa katika mgomo, na masomo yakalala karibu wiki saba. Hayo si majanga ya mbinguni yanayotokea mara moja katika karne. Migomo na kufungwa kwa vyuo ni sehemu ya biashara ya kupangisha wanafunzi, kama ukame ulivyo sehemu ya ufugaji.

Hatari hiyo haiko kwa wanafunzi peke yao. Mji unaotegemea kiwanda kimoja huanguka kiwanda kikifungwa, na walioishuhudia miji ya sukari ya magharibi ikidorora viwanda vilipokwama wanajua ninalolisema. Mji unaokua kwa sababu ya ujenzi wa barabara hupoa barabara ikikamilika na vibarua wakaondoka. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa biashara hii na autembee mji kabla ya kununua. Aende asubuhi aone watu wanaelekea kazini wapi na kwa nauli gani. Ahesabu vibao vya "vyumba vipo" vilivyotundikwa milangoni. Aulize mwenye duka ni wangapi wanaokopa unga mwisho wa mwezi. Awaulize wapangaji wenyewe, si madalali, wanalipa ngapi na ni kitu gani kingewafanya wahame. Mara nyingi atasikia neno moja: maji. Ploti yenye tangi na maji ya uhakika hujaa hata kama rangi yake imepauka.

Akisharidhika kwamba mpangaji yupo, ndipo ageukie ardhi, na hapa tahadhari yake iwe maradufu. Novemba 2011 nyumba nyingi zilibomolewa Syokimau kwa madai kwamba zilijengwa kwenye ardhi ya uwanja wa ndege. Oktoba 2023 matingatinga yalirudi, safari hii Athi River, katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Baadhi ya walioangua kilio mbele ya kamera walikuwa wamenunua kwa pesa halali, wakapewa karatasi, wakajenga, wakahamia.

Wengi hudhani kwamba hatimiliki ni kinga isiyopenyeka. Sivyo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 yenyewe inasema kwamba hati inaweza kubatilishwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila utaratibu au kwa njia ya ufisadi. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilikwenda mbali zaidi. Iliamua kwamba ikiwa ardhi ya umma iligawiwa kinyume cha sheria hapo mwanzo, hata mnunuzi wa baadaye hawezi kujificha nyuma ya nia yake njema. Kwa lugha nyepesi, uozo wa mbegu hufika hadi kwenye tunda.

Kwa hivyo haitoshi kuuliza ni nani mwenye ardhi leo. Sharti kuuliza ilitoka wapi, kwa nani, mwaka gani na kwa utaratibu upi. Mnunuzi afanye upekuzi rasmi katika afisi ya ardhi, wala asiridhike na karatasi ya upekuzi anayoletewa na muuzaji. Aone kumbukumbu za wamiliki wote waliotangulia. Amlipe mpima ardhi mwenye leseni alinganishe ramani na mawe ya mipaka, ajue kama ploti imeingia katika hifadhi ya barabara, ukingo wa mto au njia ya nyaya za umeme. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, mauzo yanahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na kuijengea nyumba za kupangisha kunahitaji kaunti ikubali kubadilisha matumizi yake. Ikiwa muuzaji ana mke au mume, idhini ya mwenzi huyo itafutwe mapema. Makubaliano yawe ya maandishi, yatiwe sahihi mbele ya mashahidi, na wakili wa mnunuzi asiwe yule yule wa muuzaji. Mnunuzi akumbuke pia kutenga pesa za ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi mijini na asilimia 2 mashambani. Gharama ya hatua hizi zote ni sehemu ndogo sana ya bei ya ploti. Aliyezikwepa ili kuokoa pesa kidogo hana tofauti na aliyeuza ng'ombe ili anunue kamba.

Kisha lije jengo. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa iliponyesha jijini Nairobi, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma na kuwaua watu karibu 50. Lilikuwa limejengwa kando ya mto, na lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Desemba 6, 2019, jengo jingine lilianguka mtaani Tassia, Embakasi, na watu 10 wakafa. Katika visa kama hivi sisi huwalaumu maafisa, na twawalaumu kwa haki. Hata hivyo tukumbuke kwamba kila jengo lililoanguka lilikuwa na mwenyewe, na yamkini huyo mwenyewe alianza kama mwanzilishi yeyote: alikuwa na ploti ndogo, pesa kidogo na hamu ya kuongeza ghorofa moja zaidi.

Hamu hiyo ndiyo adui. Msingi uliopimwa kubeba ghorofa mbili hauwi wa ghorofa tano kwa sababu kodi imepanda. Mwanzilishi amwajiri mhandisi na msanifu waliosajiliwa, apate idhini ya kaunti, aandikishe ujenzi wake kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi na amtumie mkandarasi anayetambuliwa na mamlaka hiyo. Asipunguze nondo, wala asikubali mchanga wenye udongo. Na akichora vyumba, ajiulize kama yeye mwenyewe angelala humo na mtoto mchanga. Chumba kisicho na dirisha la kupitisha hewa huleta kifua na ukungu, na mpangaji akipata pengine huhama. Choo kimoja kwa familia kumi ni ugomvi wa kila asubuhi. Ubahili wa siku ya kujenga hulipwa kila mwezi kwa milango mitupu.

Kuhusu ushuru, watu wengi hujifanya hawajasikia. Tangu Januari 2016 nchi hii ina utaratibu maalum wa kutoza kodi za nyumba za kuishi. Kiwango kilianza kwa asilimia 10, na tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Humhusu mwenye nyumba anayepata kodi ya zaidi ya Sh288,000 lakini isiyozidi Sh milioni 15 kwa mwaka, naye hutakiwa kulipa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ushuru huo hukatwa kutoka kwa kodi yote iliyopokewa, bila kuondoa gharama zozote, hata riba ya mkopo. Mwenye deni kubwa anaruhusiwa kuomba kwa maandishi atozwe kwa utaratibu wa kawaida wa kila mwaka, unaozitambua gharama na riba, ingawa huko viwango ni vya juu zaidi. Hapo mhasibu atamfaa kuliko uvumi wa mtaani. Isitoshe, anayetarajia kununua leo na kuuza kesho ajue kwamba ushuru wa faida ya mtaji ulipandishwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 15 Januari 2023. Mwalimu anayewafunza watoto uraia hawezi kuwa wa kwanza kujificha Mamlaka ya Ushuru.

Hatimaye mpangaji amehamia. Je, ni mgeni, mtumwa au mshirika? Wapo wenye nyumba ambao mpangaji akichelewa siku tano humfungia mlango kwa kufuli, humkatia maji au humng'olea mabati. Huo si ukali wa biashara. Ni uvunjaji wa sheria. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na Ibara ya 31 inalinda faragha ya nyumba yake. Kodi iliyolimbikizwa ina njia yake: notisi ya maandishi, kisha jopo au mahakama, na ikiwa ni kushika mali, dalali wa mnada mwenye leseni. Mwenye nyumba na mpangaji waandikiane mkataba hata kama chumba ni cha Sh3,000. Utaje kodi, tarehe ya kulipa, amana na masharti ya kuirudisha, muda wa notisi, na ni nani atakayetengeneza nini. Kila malipo yawe na risiti au kumbukumbu ya simu.

Enyi wanafunzi mnaopanga vyumba nje ya vyuo, maneno haya yanawahusu pia. Piga picha za chumba siku unayoingia. Usilipe amana kabla hujakiona chumba na kumjua mwenyewe. Dai risiti. Ukijua mkopo wako utachelewa, mwambie mwenye nyumba kabla ya tarehe, si baada ya kukimbia. Siku moja wewe ndiwe utakayekuwa ukisubiri kodi.

Serikali nayo ina deni lake. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Nyumba ya bei hiyo katika mji mkubwa leo ni ya kutafutwa kwa tochi. Matokeo yake ni kwamba wapangaji wengi, na wenye nyumba wadogo walio wengi, wamebaki nje ya jopo ambalo lingewaamua kwa haraka na kwa gharama nafuu. Mswada wa mwaka wa 2021 uliokusudia kuziunganisha na kuzisasisha sheria hizi ulizua mjadala mkubwa, na wenye nyumba wakaupinga. Wabunge hawana budi kulirudia suala hilo kwa uadilifu. Sheria isiyomfikia mtu ni kama ukuta wa jirani: haumkingi na upepo.

Je, mwalimu asijenge? La, hasha. Ardhi nzuri yenye jengo imara ni akiba isiyoliwa upesi na mfumko wa bei, na ni urithi. Lakini asidhani ndiyo akiba pekee. Februari 2024 Serikali ilitoa hatifungani ya miundomsingi yenye riba ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, isiyotozwa ushuru, na kiasi cha chini cha kuwekeza kilikuwa Sh100,000. Riba kama hiyo haipatikani kila mwaka, wala mtaji wake haupandi bei kama ardhi. Hata hivyo hatifungani haihitaji mwangalizi, haipasuki bomba, wala haitoroki usiku. Anayelinganisha alinganishe na kile kinachobaki baada ya gharama, kama tulivyofanya katika zoezi letu.

Anayeamua kujenga, basi aanze na vyumba viwili au vitatu kwenye msingi uliopimwa kwa ajili ya jengo lote, aone jinsi wapangaji wanavyokuja, kisha aongeze kwa pesa za kodi na akiba. Awe na akiba ya angalau miezi mitatu ya malipo ya mkopo kabla ya kuchukua mkopo wenyewe. Asikope kiasi ambacho mshahara wake peke yake hauwezi kukibeba vyumba vyote vikiwa vitupu. Kanuni hiyo ya mwisho itawaudhi wengi, kwa kuwa itapunguza ukubwa wa ndoto zao. Lakini aliyeifuata alilala Machi 2020 ilipofika, na wadhamini wake nao walilala.

Walimu wa hisabati na wa masomo ya biashara wangefanya jambo la maana wakilipeleka zoezi hili darasani, wanafunzi wakaenda kuuliza kodi, bei ya mawe na ada za kaunti katika miji yao, wakaleta majawabu. Huenda baadhi yao wakawaonyesha wazazi wao daftari hilo kabla mkopo haujatiwa sahihi.